Je, Wajua? Safari ya Nguvu Kutoka Injini ya Land Cruiser Hadi kwenye Matope

Je, wajua kwamba gari likiuzunguka mlima Kilimanjaro wote, matairi ya nje huyazidi ya ndani kwa mita 9.4 tu?

Chukua gari ambalo matairi yake ya kushoto na ya kulia yameachana kwa mita 1.5 hivi, kipimo cha kawaida kwa Land Cruiser za kazi. Lizungushe kwenye kipilefti mzunguko mmoja kamili hadi lielekee tena lilikoanzia. Tairi la nje litakuwa limetembea mita 9.4 zaidi ya la ndani. Sasa ondoka Moshi, pita Marangu, panda Rombo, zunguka mgongoni mwa mlima hadi Siha, kisha urudi Moshi. Kwa hesabu ya ardhi tambarare, tofauti ni ile ile. Kona za kushoto na za kulia njiani zinafutana, unabaki mzunguko mmoja, na ukubwa wa duara hauingii kwenye hesabu. Kinachoingia ni ule upana wa mita 1.5 peke yake, ukizidishwa kwa pai mara mbili.

Kwenye safari ya Kilimanjaro, mita hizo 9.4 zinasambaa kilomita kwa kilomita na hakuna anayezihisi. Kwenye kipilefti zinatakiwa zipatikane ndani ya sekunde chache, na kwa tairi la gari la kazi hiyo ni karibu mizunguko minne ya ziada. Kama matairi yote mawili yangefungwa kwenye chuma kimoja, moja lingelazimika kuburuzwa. Ndiyo maana kuna difu. Propela shafti inaleta nguvu kutoka mbele, pinioni yake inazungusha gurudumu kubwa la meno, na gurudumu hilo limebeba gia ndogo ambazo zinaliruhusu tairi moja kuongeza mwendo kwa kiasi kile kile ambacho mwenzake anapunguza. Ni kama mstari wa askari wa gwaride wakipinda kona: wa nje anapanua hatua, wa ndani anakanyaga palepale, na mstari haukatiki.

Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliandikisha hataza ya difu ya gari katika miaka ya 1820, kwa ajili ya gari la mvuke. Gari la petroli lilikuwa bado nusu karne na zaidi mbele yake.

Je, wajua kwamba mshale wa spidi ukionyesha 40 gari likiwa limekwama, kuna tairi linalozunguka kwa mwendo wa 80?

Difu ina sheria mbili, na anayezijua zote mbili amekwishaelewa sehemu kubwa ya gari. Ya kwanza ni ya mwendo: mwendo wa tairi la kushoto ukijumlishwa na wa kulia na kugawanywa kwa mbili, unapata mwendo wa lile gurudumu kubwa la meno. Kwa magari mengi ya kazi ya zamani, spidomita inasoma mzunguko wa shafti inayotoka kwenye giaboksi, haisomi tairi lenyewe. Tairi moja likisimama kabisa kwenye ardhi kavu na lingine likizama kwenye utelezi, lile linaloteleza linabeba mwendo wa wote wawili. Watengenezaji wa matairi huonya kuhusu jambo hili kwa sababu tairi linalozungushwa hivyo linapata joto na linaweza kupasuka, na anayesukuma gari kwa nyuma amesimama karibu nalo.

Sheria ya pili ni ya nguvu, na ndiyo inayowachanganya watu wengi. Difu ya kawaida inagawa nguvu ya kuzungusha sawasawa, kushoto na kulia. Haimpi aliye na uwezo zaidi ya asiye nao. Tairi lililo kwenye matope laini linazunguka kwa nguvu ndogo mno, basi na lile la kwenye ardhi ngumu linapewa nguvu ndogo hiyo hiyo. Injini inaweza kuwa na uwezo wa kung'oa mti, lakini gari litasimama. Kuongeza mafuta hakusaidii kitu, kwa sababu tatizo haliko kwenye injini. Nimeona madereva wazuri wakikanyaga mpaka moshi unatanda, na kila mkanyago unalichimbia gari shimo refu zaidi. Aliyekwama katika hali hiyo anahitaji kubadili ardhi iliyo chini ya tairi moja tu: majani, mawe, matawi, gunia. Mshiko wa tairi bovu ukipanda, nguvu ya tairi zima inapanda nao papo hapo.

Je, wajua kwamba gari la fo-wili linaweza kukwama kwa matairi mawili tu?

Jina linaahidi magurudumu manne. Lakini ndani ya gari lenye difu za kawaida mbele na nyuma, ile sheria ya kugawa sawasawa inafanya kazi katika kila difu peke yake. Likianguka mtaroni kwa upande, tairi moja la mbele na moja la nyuma yakiwa kwenye utelezi, gari linasimama na matairi mawili yanachezea matope huku mengine mawili yakiwa yametulia kwenye nchi kavu.

Dawa yake ni kufuli ya difu. Inaziunganisha shafti mbili za pembeni ziwe kitu kimoja, na tangu hapo tairi lenye mshiko linaweza kupokea nguvu yote inayoletwa. Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutoka kiwandani mwaka 1984 na ambazo zahanati zetu, misafara ya chanjo na askari wa wanyamapori wanazitegemea hadi leo, baadhi yake zina kufuli nyuma na mbele, zikiendeshwa kwa swichi ya kuzungusha. Swichi hiyo inafunga ya nyuma kwanza, kisha ya mbele. Mpangilio huu una sababu: difu ya mbele ikifungwa, usukani unakuwa mzito na gari linang'ang'ania kwenda moja kwa moja. Kwenye njia yenye kona na bonde kando yake, hilo ni jambo la hatari.

Je, wajua kwamba fo-wili kwenye lami kavu inaweza kujifunga yenyewe?

Tofauti haiko kati ya kushoto na kulia tu. Mbele na nyuma pia hazilingani. Gari likipinda, matairi ya mbele yanachora duara kubwa kuliko ya nyuma. Tuseme katikati ya ekseli ya nyuma inazunguka kwenye duara la nusu kipenyo cha mita 6, na kutoka ekseli ya nyuma hadi ya mbele ni mita 3. Kwa kona ya robo mzunguko tu, mbele inatembea kama mita 1.1 zaidi ya nyuma.

Kwenye gari ambalo dereva anachagua mwenyewe kuingiza fo-wili, boksi la transfa linazifunga propela mbili, ya mbele na ya nyuma, zizunguke sawasawa kabisa. Ile mita 1.1 haina pa kwenda. Kwenye mchanga au matope tairi linateleza kidogo na deni linalipwa bila mtu kujua. Kwenye lami kavu tairi halitelezi, basi deni linalimbikizwa ndani ya vyuma: shafti zinajikunja, gia zinabanana, usukani unakuwa mgumu, na dereva akitaka kutoa fo-wili mti wa gia haukubali. Wengi hapa huvuta kwa nguvu mpaka wavunje kitu. Kurudi nyuma taratibu mita chache, ukifuata njia uliyokuja nayo, kunafungua ule msokoto na mti unatoka wenyewe.

Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, ilikuwa na jibu lake la kipekee. Magurudumu yake manne yalikuwa yakiendeshwa muda wote, lakini kwenye njia ya nguvu ya kwenda mbele kulikuwa na kifaa kinachoziruhusu tairi za mbele kukimbia zaidi ya za nyuma zinapohitaji. Dereva aliyetaka mbele ifungwe, kwa mfano anaporudi nyuma kwenye mlima, alivuta pete iliyokuwa sakafuni miguuni pake. Mpango huo uliachwa mapema miaka ya 1950 na nafasi yake ikachukuliwa na fo-wili ya kuchagua. Range Rover ya mwaka 1970 ilikuja na jibu lingine: difu ya tatu, katikati, kati ya mbele na nyuma, yenye kufuli yake. Gari lenye difu ya katikati linaweza kuendeshwa kwa magurudumu manne kwenye lami siku nzima bila kudhurika. Lakini kufuli isipofungwa, tairi moja tu hewani kati ya manne linatosha kulisimamisha.

Je, wajua kwa nini kwenye mti wa gia kuna H2, H4 na L4, lakini hakuna L2?

H ni gia ya juu, L ni gia ya chini, na namba ni idadi ya magurudumu yanayoendeshwa. Tufanye hesabu ya mfano. Gia ya kwanza inapunguza mzunguko mara 4, gia ya chini ya transfa mara 2.5, na difu mara 4.1. Zidisha: injini inazunguka mara 41 ili tairi lizunguke mara moja. Injini ikiwa inanguruma taratibu bila kukanyagwa, mizunguko 700 kwa dakika, gari linakwenda kama kilomita 2.5 kwa saa. Mtu mzima akitembea polepole analipita.

Kinachopotea kwenye mwendo kinarudi kama nguvu. Injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, isiyo na taibo, inatoa karibu nyutoni-mita 285. Zidisha kwa 41 na unapata zaidi ya 11,000 kabla ya kutoa hasara ya msuguano. Mzigo huo ukigawanywa kwa ekseli mbili unabebeka. Ukiutupa wote kwenye ekseli ya nyuma peke yake, unaomba shafti ikatike. Kwa hiyo wabunifu walizuia kabisa: ukiingiza gia ya chini, fo-wili inaingia nayo. Waliozoea Land Rover za zamani za mfululizo wa pili na wa tatu wanakumbuka miti miwili yenye vichwa vya rangi. Cha njano kilisukumwa chini kuingiza fo-wili ya mwendo wa kawaida. Chekundu kilivutwa nyuma kwa gia ya chini, na fo-wili ilifuata yenyewe.

L4 si ya kupanda tu. Kazi yake nzuri kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kuteremka. Kwenye mteremko wa Seneto unaoshuka ndani ya kreta ya Ngorongoro, karibu mita 600 chini ya ukingo, dereva mwenye L4 na gia ya kwanza anaiachia injini ilishikilie gari, magurudumu yote manne kwa pamoja, na breki zinabaki baridi kwa dharura. Dereva anayeshuka kwa kukanyaga breki muda wote anafika chini na breki zilizopata moto, na breki yenye moto mkali haishiki.

Jambo la kushangaza ni kwamba babu wa Land Cruiser hakuwa na gia ya chini. Toyota BJ ya mwaka 1951 ilitegemea injini kubwa ya lori, lita 3.4, na giaboksi yenye gia ya kwanza fupi sana. Mwezi Julai mwaka huo dereva wa majaribio Ichiro Taira aliipandisha hadi kituo cha sita cha mlima Fuji. Jina la Land Cruiser lilikuja baadaye, mwaka 1954.

Je, wajua kwamba krosi moja ya propela haizungushi shafti kwa mwendo sawa?

Krosi ndiyo kiungo kinachoiruhusu propela kupinda pale gari linaporuka mashimo. Lakini kiungo kimoja, kikipinda nyuzi 30, kinatoa mwendo unaopanda na kushuka mara mbili katika kila mzunguko: unapungua hadi asilimia 87 ya mwendo ulioingia, kisha unapanda hadi 115. Gari lingetetemeka vibaya. Propela ina krosi mbili, moja kila mwisho, na ya pili inafuta kosa la ya kwanza, mradi zimekaa kwa mpangilio mmoja. Fundi makini huweka alama ya chaki au ya tindo kabla ya kuichomoa propela katikati kwenye sehemu inayoteleza. Akiirudisha imekosea meno, krosi mbili zinajumlisha makosa badala ya kuyafuta, na mwenye gari anazunguka gereji kwa gereji akibadilisha matairi na beringi kutafuta mtetemo ambao chanzo chake ni meno machache ya shafti.

Tairi za mbele zinahitaji kiungo bora zaidi kwa sababu zinapinda mno. Alfred Rzeppa alikibuni mwaka 1926: golori sita za chuma kati ya vikombe viwili, zikipangwa ili zikae daima kwenye nusu kamili ya pembe ya kupinda. Mwendo unaotoka ni sawa na unaoingia. Kiungo cha aina hiyo kiko leo kwenye karibu kila gari linaloendeshwa kwa matairi ya mbele.

Je, wajua kwamba kuna kifaa kinachoondoa nusu ya mfumo huu kazini?

Fri-hab. Ukiiweka FREE, tairi la mbele linazunguka peke yake, na shafti, difu na propela ya mbele vinapumzika. Ukiizungusha hadi LOCK, vyote vinaungana tena. Arthur Warn alianza kuzitengeneza Marekani mwaka 1948, kwa ajili ya Jeep zilizobaki baada ya vita na kununuliwa na raia. Mwenye fri-hab za mkono azifunge kabla ya kuingia kwenye matope. Kuzitafuta kwa vidole zikiwa zimezama ni kazi chungu. Tena asiziache FREE miezi na miezi. Oili ya difu ya mbele inasambaa pale tu vyuma vinapozunguka. Vitabu vya baadhi ya magari ya Toyota hushauri kuendesha angalau kilomita 16 kila mwezi fo-wili ikiwa kazini. Ushauri huo ufuatwe kwenye barabara ya vumbi au changarawe, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa hapo juu kuhusu lami kavu.

Je, wajua kwamba gari la petroli lenye fo-wili lilikuwapo mwaka 1903?

Ni Spyker 60 HP ya Uholanzi, gari la mashindano lenye injini ya silinda sita, difu ya katikati na breki kwenye magurudumu yote manne. Miaka mitatu kabla yake, 1900, Ferdinand Porsche alikuwa amekwishatengeneza gari la umeme lenye mota ndani ya kila gurudumu. Halikuwa na propela, krosi wala difu.

Je, wajua kwamba fo-wili ilichelewa sana kushinda Safari Rally?

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, katika Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye vumbi na udongo mweusi unaonata ambao ungedhani uliumbwa kwa ajili ya magurudumu manne. Audi Quattro, yenye fo-wili, ilibadilisha mbio za magari duniani tangu mwaka 1981. Hata hivyo Toyota Celica inayoendeshwa kwa matairi ya nyuma peke yake ilishinda Safari mwaka 1984, 1985 na 1986. Fo-wili ya kwanza kushinda ilikuwa Audi 200 quattro ya Hannu Mikkola, mwaka 1987. Mshiko ulikuwa na maana huku, lakini katika maelfu ya kilomita za mawe, kila shafti na kila kiungo cha ziada kilikuwa kitu kingine kinachoweza kuvunjika.

Je, wajua kwamba upana wa Unimog ulipimwa kwa viazi?

Gari hili la shambani lilipobuniwa Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, matairi yake yaliachanishwa kwa mita 1.27 ili yapite sawasawa na mistari miwili ya viazi. Na ili tumbo la gari lisiguse mazao, ekseli iliinuliwa juu ya kitovu cha gurudumu, na gia za ziada mwishoni zikashusha nguvu hadi kwenye tairi.

Je, wajua kwamba breki inaweza kulisukuma gari mbele?

Rudi kwenye ile sheria ya pili ya difu. Tairi linaloteleza likizuiwa na breki, inahitajika nguvu zaidi kulizungusha, na nguvu sawa na hiyo inapelekwa kwa mwenzake. Magari mapya yanafanya hivi kwa kompyuta, yakikamata breki ya tairi moja mara nyingi kwa sekunde. Madereva wa zamani walifanya hivyo kwa mkono, wakivuta handibreki kidogo huku wakikanyaga mafuta taratibu, na kwa gari ambalo handibreki yake inakamata matairi ya nyuma mbinu hiyo inasaidia.

Kwenye Land Rover za zamani haisaidii, kwa sababu handibreki yake haikamati tairi. Inakamata shafti inayotoka nyuma ya boksi la transfa. Hapo kuna hatari ambayo kila anayebadilisha tairi anapaswa kuijua. Ukiinua tairi moja la nyuma kwa jeki, handibreki inaishikilia propela isizunguke, lakini difu bado iko huru: lile lililo hewani linaweza kuzunguka upande mmoja na lililo chini upande mwingine. Handibreki imevutwa hadi mwisho, na gari linateremka kutoka kwenye jeki. Weka jiwe au gogo mbele na nyuma ya tairi lililobaki chini kabla hujaigusa jeki, hata kama mahali panaonekana tambarare, na usiingize mkono wala mguu chini ya gari kabla ya kulitikisa kuhakikisha kuwa halisogei.